Crown, Mark X na Barabara ya Mngeta: Ujue Ulaji wa Mafuta Kabla Hujalipa

Mpunga ukishauzwa na bei ikiwa imekaa vizuri, Mngeta huanza kuonekana magari ambayo juzi hayakuwepo: Toyota Crown, Mark X, Brevis, Mark II ile tunayoiita GX 110, na mara mojamoja Mercedes C-Class. Ni magari mazuri, na mtu aliyelima ekari zake kwa jasho ana haki ya kukalia kiti cha ngozi na kufunga vioo vumbi lisimfikie. Kinachoniuma ni kuliona gari hilohilo, masika ya pili hayajafika, limefunikwa turubai uani. Injini ni nzima na bodi inang'aa, ila mwenyewe hawezi tena kulipeleka sheli. Hasara hiyo inaweza kujulikana kabla ya kununua, tena kwa gharama ya lita chache tu za petroli.

Muulize dalali yeyote Crown ya cc 2500 inakulaje, atakujibu papo hapo: "Bosi, hii lita moja kilomita kumi na mbili, na safari ndefu inaongeza." Si kwamba kila mara anakudanganya. Namba hiyo ipo kweli kwenye karatasi za kiwandani. Crown na Mark X za kuanzia mwaka 2004 hivi zilipimwa Japani kwa kipimo kilichoitwa 10-15, na zile za cc 2500 zilipata karibu kilomita 12 kwa lita. Sasa kitazame kipimo chenyewe. Gari linapandishwa juu ya roli ndani ya maabara, injini ikiwa imeshapashwa moto na kiyoyozi kimezimwa. Linazungushwa kilomita 4 na kidogo kwa dakika 11. Mwendo wake wa wastani ni kilomita 22.7 kwa saa, na wa juu kabisa ni 70. Hakuna kilima wala tuta, hakuna mchele kwenye buti wala mama mkwe kiti cha nyuma.

Mwaka 2011 Wajapani wakaanza kutumia kipimo kikali zaidi, JC08, chenye mwendo wa juu wa 81.6 na sehemu ya jaribio inayoanza injini ikiwa ya baridi. Gari lilelile likipimwa kwa JC08 kwa kawaida hupata namba ndogo kuliko ile ya 10-15. Kwa hiyo ukikuta Mark X ya 2008 imeandikiwa 12 na ya 2012 imeandikiwa pungufu kidogo, usiikimbie ya 2012 kwa sababu hiyo, kwani hazikupimwa kwa fimbo moja.

Kwa Mercedes, BMW na Audi hali ni mbaya zaidi. Watafiti wa taasisi ya ICCT walilinganisha matumizi halisi ya magari ya Ulaya na namba za maabara, wakakuta magari ya mwaka 2001 yalikuwa yakila karibu asilimia 9 zaidi ya ilivyoandikwa. Kwa magari ya mwaka 2015 pengo lilikuwa limefika asilimia 42 hivi. Injini ziliboreshwa kweli, ila watengenezaji walizidi kuwa hodari wa kufaulu mtihani. Ndipo Ulaya ikaleta kipimo kipya, WLTP, kuanzia Septemba 2017. Ukiletewa C-Class ya 2014 na karatasi yake nzuri, kumbuka iliandikwa katika miaka ambayo karatasi hizo zilikuwa mbali zaidi na barabara.

Na hapo tunazungumzia lami ya Ulaya.

Barabara ndiyo inayokula

Gari la mtu wa Mngeta linaishi katika barabara tatu. Ya kwanza ni ya nyumbani, ile ya Ifakara hadi Mlimba, ambayo kwa sehemu kubwa ni vumbi kiangazi na tope masika, na maji ya Udzungwa yanaikatiza kila baada ya mwendo kidogo. Ya pili ni Ifakara hadi Mikumi kupitia Kidatu, ambako kipande cha Kidatu–Ifakara, kilomita 66.9, sasa ni cha lami. Ya tatu ni barabara kuu ya Mikumi, Morogoro na Dar es Salaam, yenye malori, vibao vya 50 na matuta yake. Crown moja inaweza kuwa na ulaji wa namna tatu katika safari moja ya kwenda Kariakoo, na zote zikawa za kweli.

Wengi hawajui kwa nini mwendo wa polepole kwenye udongo unakula zaidi, maana wamezoea kusikia kwamba kukimbia ndiko kunakomaliza mafuta. Injini ya pistoni sita, ikiwa imewashwa tu na kiyoyozi kinafanya kazi, inakunywa lita moja au zaidi kwa saa bila kusogea hata hatua. Ukitambaa kwa kilomita 20 kwa saa ukikwepa mashimo, lita moja katika kila kilomita 20 imeshaondoka kwa ajili ya kuiweka injini hai, kabla hujahesabu mafuta ya kulisukuma gari lenyewe. Juu yake weka tope, ambalo hulishika tairi na kulivuta nyuma. Gia inabaki ya chini na injini inazunguka kwa kasi huku magurudumu yakisogea taratibu. Kila ukifunga breki mbele ya shimo, nguvu uliyoilipia inageuka joto, kisha unailipia tena kuinua gari la kilo 1,600.

Kwenye lami adui ni upepo. Nguvu ya upepo inayolizuia gari huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukitoka 100 kwenda 120, inaongezeka kwa asilimia 44. Crown ina mwili mzuri wa kupasua upepo na gia ndefu, na katika mwendo wa 80 hadi 90 usiobadilikabadilika ndipo inapoonyesha ubora wake.

Haya ni makadirio yangu kwa V6 ya cc 2500 iliyo nzima, Crown au Mark X. Lami iliyonyooka, mwendo wa 80 hadi 90: kilomita 10 hadi 12 kwa lita. Mjini Morogoro au Dar: 6 hadi 8. Barabara ya Mngeta kiangazi: 7 hadi 8. Barabara ileile mwezi Aprili, siku mvua imeshinda ikinyesha: 4 hadi 6, na siku ya kukwama usihesabu kabisa. Kumbuka pia kwamba tumbo la magari haya liko sentimita 13 hadi 15 tu kutoka ardhini. Masika kuna siku halitatoka, na siku hizo utalipia bodaboda.

Uone basi mtego uliopo. Fedha ya mpunga hupatikana barabara ikiwa kavu. Unalijaribu gari mwezi wa nane, linakwenda vizuri, unalipa. Namba uliyoiona ni ya miezi michache ya mwaka. Ukipima mwezi wa nane, punguza mwenyewe namba ya masika kabla hujatoa ahadi. Ukiweza kusubiri, lijaribu mwezi wa nne.

Hesabu lita za mwaka

Kilomita kwa lita ni namba inayohadaa. Inaonekana kana kwamba kutoka 6 kwenda 8 na kutoka 12 kwenda 14 ni faida ileile ya kilomita mbili. Chukua mtu anayetembea kilomita 12,000 kwa mwaka. Kwa gari la kilomita 6 kwa lita atanunua lita 2,000, na kwa la 8 lita 1,500, kwa hiyo ameokoa lita 500. Sasa mwenye gari la 12 ananunua lita 1,000, na mwenye la 14 ananunua 857. Hapo ameokoa lita 143 tu. Maana yake kwetu ni hii: kwenye magari makubwa, kilomita moja ya juu au ya chini ina uzito mkubwa sana. Crown inayokwenda 8 na inayokwenda 6 zinaonekana jirani mdomoni mwa dalali, lakini mfukoni mwako zinaachana kwa lita 500.

Weka bei ya shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Lita 1,000 ni milioni 3, lita 1,500 ni milioni 4 na nusu, lita 2,000 ni milioni 6. Gawa kwa bei ya gunia la mpunga la msimu huu na utajua ni magunia mangapi yatakayochomwa kwenye ekzosi kila mwaka. Kama jibu linakutisha, afadhali likutishe sasa.

Bei halisi usiikisie. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, mji kwa mji, na kwa simu unazipata kwa *152*00#. Tazama ya huku kwetu, si ya Dar. Mafuta yakisafirishwa kutoka bandarini, nauli inaingia kwenye lita. Na yale ya kwenye chupa barabarani ni ghali kuliko ya sheli, hujui yamekaa juani muda gani wala yamechanganywa na nini. Ukiwa mtu wa kutegemea chupa, ongeza gharama hiyo kwenye hesabu yako.

Namna ya kulipima gari la watu

Mwambie muuzaji mapema kwamba utalipia mafuta yote ya majaribio. Maneno hayo hufungua milango. Nendeni sheli yenye pampu iliyobandikwa stika ya Wakala wa Vipimo, gari lisimame mahali tambarare, na mhudumu ajaze mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza. Aishie hapo, asigongee kutafuta namba nzima. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesheni kilomita 100 au zaidi, kisha rudini sheli ileile, pampu ileile, gari likitazama upande uleule, mjaze tena mpaka pampu ikate mara ya kwanza. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia.

Usikubali ufupisho wa kilomita 20. Tangi linaweza kukosea kwa karibu lita moja kutokana na namna gari lilivyosimama na povu la mafuta. Kama mmetumia lita 12, kosa la lita moja ni asilimia 8, unavumilia. Kama mmetumia lita 3, kosa hilohilo ni theluthi nzima, na hamjapima kitu. Washa kiyoyozi kama utakavyokiwasha siku zote. Pakia watu utakaowapakia. Na sehemu ya safari lazima iwe ya udongo. Gari likiwa linauzwa Ifakara, elekeeni barabara ya Mlimba, kisha mrudi.

Ile namba ya wastani inayoonekana kwenye kioo cha dashibodi isikupe usingizi. Inaweza kurudishwa sifuri kwa kubonyeza kitufe, kisha gari likatembezwa taratibu kwenye lami asubuhi, ukaonyeshwa 13. Irudishe mwenyewe sifuri mnapoanza, na mwisho ilinganishe na jibu la sheli. Hapo utajua inadanganya kwa kiasi gani, na miaka yote utakayokaa nalo itakufaa.

Tazama pia tairi. Wengi huku hubadilisha ili kuinua gari. Crown Royal iliyotoka na 215/60R16 ikivalishwa 215/65R16, kipenyo cha tairi kinakua kwa asilimia 3 na ushee, kwa hiyo kilomita 100 za kweli zitasomeka 97 hivi. Hesabu ya mafuta itaonekana mbaya kuliko ilivyo. Ikivalishwa tairi ndogo, kinyume chake, na hapo ndipo mnunuzi anapoumia.

Ugonjwa au ukubwa wa injini?

Gari la kifahari lililotumika linaweza kula sana kwa sababu ndivyo lilivyo, au kwa sababu linaumwa. Kuna ugonjwa mmoja ambao bonde letu limeuzoea mno: kutolewa kwa themostati. Kilombero ni joto, na fundi akiona injini inachemsha, badala ya kutafuta rejeta iliyoziba au feni iliyokufa, anang'oa themostati na kuitupa. Gari linaacha kuchemsha, mwenyewe anashukuru. Lakini kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 82 hivi. Ikitolewa, injini haipati joto lake. Kompyuta inasoma kwamba injini bado ni ya baridi, inaendelea kumwaga mafuta ya ziada kama ya asubuhi, na gia boksi nayo inaweza kuchelewa kuingia gia ya juu.

Kuugundua ugonjwa huu ni rahisi. Fika asubuhi mapema kabla muuzaji hajaliwasha. Weka mkono juu ya boneti, liwe la baridi. Washa, ondoka, tazama mshale wa joto. Baada ya kilomita chache unapaswa kupanda hadi karibu na katikati na kubaki hapo bila kuyumba. Ukikawia kupanda, au ukashuka kila mnapokimbia kwenye lami na kupanda mnaposimama, themostati haipo au imekwama wazi. Kuirudisha ni gharama ndogo, ila uliza kwanza ilitolewa kwa nini. Gari linalochemsha likiwa na themostati lina shida kubwa zaidi imejificha.

Breki zinazoshika ni ugonjwa wa pili. Vumbi na tope huingia kwenye pini za breki na zinakawia kuachia. Baada ya safari ya lami bila kufunga breki kwa nguvu, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, gari lilikuwa linavutwa njia nzima.

Injini ya D4, yaani ile inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, inahitaji neno lake. Brevis zina injini hizo, 1JZ-FSE ya cc 2500 na 2JZ-FSE ya cc 3000, na V6 ya cc 2500 ya Crown na Mark X, 4GR-FSE, nayo ni ya namna hiyo. Kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, hakuna kinachoziosha, na masizi hujijenga hapo mwaka hadi mwaka. Injini inatetema ikiwa imesimama, inakosa nguvu, inakula. Zaidi ya hapo, pampu ya mafuta ya presha ya injini hizi haipendi mafuta machafu, na chupa za barabarani ndizo zinazoiua. Ipime kwa mashine ya daignosisi kabla ya kulipa, hata kama taa ya injini haiwaki. Kuna wanaoizima taa kwa kufuta kumbukumbu asubuhi ya kuuza.

Fundi akikuambia utoe masega ya ekzosi ili gari lipunguze ulaji, mkatalie. Masega yaliyoziba kweli huongeza ulaji, na hayo hubadilishwa. Masega mazima ukiyatoa unapata kelele, moshi na taa ya injini, si mafuta.

Lipi basi?

Kwa mtu ambaye safari zake nyingi ni Mngeta–Ifakara, ningemkataza kwa moyo wote kununua injini ya cc 3000 au 3500. Kwenye barabara hii hakuna mahali pa kuzitumia, na mafuta zinakunywa kila siku. Brevis pia ningeiacha, si kwa ubaya wa gari bali kwa umri wa hizo pampu. GX 110 yenye 1G-FE ya cc 2000 haina D4, fundi wa kijijini anaijua, na mafuta yetu inayavumilia. Tatizo ni kupata iliyotunzwa. Mark X ya toleo la pili, iliyoanza mwishoni mwa 2009, kwa cc 2500 ndiyo ningeitafuta miongoni mwa V6. Iliundwa kutumia petroli ya kawaida ya Japani, wakati Mark X za kabla yake zilitengenezewa ile ya oktani ya juu. Gari la oktani ya juu likipewa ya chini, kompyuta huchelewesha cheche ili injini isigonge, na kilomita zinapungua.

Crown Hybrid inatamanisha. Lakini ziko za namna mbili na madalali huzichanganya. Ya 2008 hadi 2012 ina V6 ya cc 3500. Mota iliwekwa kuongeza nguvu. Ile iliyotoka mwisho wa 2012 ina pistoni nne za cc 2500 na kwa JC08 iliandikiwa kilomita 23.2 kwa lita. Hii ya pili inaokoa kweli, hasa mjini penye kusimamasimama, ambako breki inarudisha umeme kwenye betri; kwenye lami ndefu faida inapungua. Kabla ya kuileta huku, fikiria vumbi. Betri inapozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari karibu na kiti cha nyuma. Vumbi la Mngeta likiziba njia hiyo betri inachemka na kufa mapema, na betri ndiyo itakayokula akiba yote ya mafuta. Ukiinunua, vioo vifungwe barabarani, na njia ya hewa isafishwe mara kwa mara.

Ukiagiza mwenyewe kutoka Japani, cc zina bei nyingine bandarini: ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya cc 2000 ni asilimia 10, na ya cc 1000 hadi 2000 ni asilimia 5, juu ya ushuru wa forodha, VAT, na nyongeza ya umri kwa magari yaliyozidi miaka 8.

Ukishapima na kupata namba yako, rudi nayo mezani. Muuzaji alisema 12, sheli imesema 8.4, na mshale wa joto unashuka kwenye lami. Usigombane naye wala usimwite mwongo. Mwonyeshe risiti mbili za mafuta na hesabu, taja gharama ya themostati, plagi na kusafisha valvu kama fundi wako alivyokuandikia, kisha toa bei yako. Akiikubali, fanyeni matengenezo hayo kwanza, halafu pima tena kwa njia ileile, pampu ileile. Namba hiyo ya pili iandike kwenye daftari na uipime upya kila baada ya miezi mitatu. Ikishuka kwa kilomita moja na barabara haijabadilika, nenda kwa fundi wiki hiyohiyo.